Betri Ikifa Usiku: Kuamsha Gari kwa Usalama wa Mama na Watoto

   Kama umewasha jiko la makaa ndani na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, tafadhali fungua dirisha kidogo kwanza, kisha uketi tuzungumze.

Leo tutazungumza juu ya betri ya gari. Huenda unajiuliza: betri inahusu nini afya ya mama na mtoto? Si hiyo ni kazi ya dereva na fundi? Ngoja nikueleze, mama, kwa maana betri inaingia nyumbani mwako kwa njia tatu.

Kwanza, mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mtoto anayetapika na kuharisha usiku, huhitaji gari. Gari lisipowaka, maisha yao yako hatarini. Pili, watu wakianza kuliamsha gari hilo kwa haraka na gizani, betri inaweza kulipuka na asidi kuwaingia machoni. Na anayemulika kwa tochi mara nyingi ni wewe mama, mtoto akiwa mgongoni. Tatu, betri iliyokufa haitupwi. Hubaki nyuma ya nyumba au chini ya kitanda, mahali watoto wanapocheza.

Tuyachukue mambo haya moja baada ya jingine.

KWA NINI BETRI HUFA

Betri ya gari dogo huwa na nguvu ya volti 12. Ndani yake mna vyumba sita. Katika kila chumba mna vibao vya madini ya risasi vilivyozamishwa kwenye maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Asidi ndiyo wengine wanaiita tindikali. Vibao na asidi vikikutana, umeme hupatikana. Gari likitembea, injini huirudishia betri umeme uliotumika.

Betri hufa kwa sababu ambazo si ngumu kuelewa. Taa ziliachwa zikiwaka usiku kucha. Redio ilichezwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Gari limekaa majuma mengi bila kuendeshwa. Vichwa vya betri vimeota unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Au betri imezeeka tu.

Huku kwetu kuna jambo jingine: baridi. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati huohuo oili ya injini huwa nzito na injini huhitaji nguvu zaidi kuzunguka. Ndiyo maana betri kuukuu inayowasha gari vizuri saa saba mchana inaweza kukataa kabisa saa kumi alfajiri. Gari likianza kuzunguka polepole asubuhi kana kwamba limechoka, hiyo ni dalili. Mwenye gari asingojee mpaka siku ya mgonjwa.

MAMA MJAMZITO NA GARI LA KUMPELEKA

Wataalamu wa afya ya uzazi husema kwamba akina mama wengi hupoteza maisha kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kuna aina tatu. Kuna kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Kuna kuchelewa njiani. Na kuna kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari lisilowaka ni kuchelewa kwa aina ya pili, na hilo tunaweza kujitayarisha nalo mapema.

Mama, unapoenda kliniki ya wajawazito, mhudumu hukuuliza juu ya mpango wako wa kujifungua: utazalia wapi, nani atakusindikiza, na utafikaje. Kwenye kufika, usijibu tu kwamba jirani ana gari. Muulize jirani huyo maswali haya wewe au mzee wako:

Gari linawaka asubuhi bila kusukumwa?

Kama halitawaka, una waya za jampa, au nani anazo hapa karibu?

Ni gari gani la pili litakalokuja kama lako limekataa?

Andika namba za simu za watu wawili wenye magari, na mmoja mwenye waya za jampa, nyuma ya kijitabu chako cha mama na mtoto. Andika pia namba ya hospitali iliyo karibu nawe. Namba za dharura za serikali ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Weka akiba kidogo ya nauli.

Na hili ulishike sana: gari likikataa kuwaka, pigia simu gari la pili papo hapo, kabla hata waya hazijaletwa. La kwanza likiwaka, utampigia wa pili umshukuru na kumwambia arudi kulala. Kuomba radhi kwa jirani aliyeamshwa bure ni jambo dogo kuliko kupoteza saa nzima mama akivuja damu.

KWA NINI BETRI HULIPUKA

Betri inapochajiwa, na hata inapotoa umeme mwingi kwa ghafla, hutoa gesi iitwayo haidrojeni. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushika moto upesi mno. Ikikusanyika juu ya betri, cheche moja tu inatosha. Betri hupasuka kwa kishindo na kurusha asidi pamoja na vipande vya plastiki kila upande. Aliyeinama juu yake hupigwa usoni.

Cheche hutoka wapi? Hutoka kwenye waya inapoguswa mahali pasipofaa. Hutoka kwenye sigara. Hutoka kwenye kiberiti na koroboi anayoleta mtu ili apate kuona vizuri. Hutoka pia kwenye spana iliyoangukia vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: pasiwe na moto wowote karibu na betri. Mulika kwa tochi au kwa taa ya simu. Koroboi, taa ya kandili na kijinga cha moto vibaki jikoni.

KABLA YA KUSHIKA WAYA

Tuseme ni saa nane usiku. Mama ana uchungu, gari liko uani na halitaki kuwaka. Gari la msaada limefika na waya zipo. Haya ndiyo unayopaswa kuyahakikisha wewe uliye nyumbani, dereva akiendelea na yake.

Mgonjwa abaki ndani, mahali pa joto, mpaka injini iwake. Usimketishe kwenye gari ambalo bado linashughulikiwa.

Watoto wote wawe ndani ya nyumba na mtu mzima mmoja awe nao. Watoto hupenda kutazama, na boneti ikifunguliwa hata wa jirani huja. Waambie kwa upole lakini kwa uthabiti: leo hakuna kutazama.

Anayemulika asiwe na mtoto mgongoni. Asiwe mjamzito. Asimame kando, umbali wa hatua kadhaa, wala asiinamie betri.

Leso, shuka, shali na skafu zifungwe vizuri au zivuliwe. Injini ikiwaka, feni na mkanda wake vinaweza kunasa nguo na kumvuta mtu. Nywele ndefu zifungwe pia.

Anayeshika waya avue pete, saa na bangili. Chuma kikigusa betri huwa cha moto sana mara moja. Kama kuna miwani, aivae, hata ikiwa ni ya jua.

Leteni ndoo mbili za maji safi na kikombe. Ziwekwe karibu, tayari. Nitawaeleza sababu baadaye.

Kisha tazameni betri yenyewe. Ikiwa imepasuka, imevimba, inavuja, au inatoa harufu kali kama ya mayai yaliyooza, acheni. Betri hiyo haiwashwi. Tumieni gari jingine.

Tazameni pia gari la msaada ni la aina gani. Magari madogo na pikapu nyingi ni za volti 12. Malori makubwa, yakiwemo mengi ya kubebea majani chai, hutumia volti 24. Kuunganisha volti 24 na gari dogo kunaweza kuharibu gari na kulipua betri. Siku hizi pia kuna magari yanayotumia mafuta na umeme kwa pamoja. Hayo yana waya nene za rangi ya chungwa, nazo haziguswi na mtu asiye fundi.

Waya nazo ziwe za jampa hasa, nene na zenye vibanio imara. Waya za umeme wa nyumba au waya za kufungia ua zitashika moto mikononi mwenu.

HATUA ZENYEWE

Sasa sikiliza hatua kwa utaratibu. Hata kama hutazifanya mwenyewe, ukizijua unaweza kumkumbusha anayezifanya. Usiku mtu akiwa na wasiwasi husahau.

Betri ina vichwa viwili. Kimoja kina alama ya kujumlisha (+), nacho huitwa chanya. Mara nyingi kina kifuniko chekundu. Kingine kina alama ya kutoa (−), nacho huitwa hasi. Waya nyekundu ni ya chanya, waya nyeusi ni ya hasi.

Hatua ya kwanza. Sogezeni gari la msaada karibu, ila magari yasigusane. Zimeni injini na taa zote. Vuteni breki ya mkono kwenye magari yote mawili, gia ziwe huru, na kama ua uko mteremkoni wekeni mawe chini ya magurudumu.

Hatua ya pili. Bana waya nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.

Hatua ya tatu. Upande wa pili wa waya hiyo nyekundu ubanwe kwenye chanya ya betri nzima.

Hatua ya nne. Bana waya nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.

Hatua ya tano, na hapa ndipo wengi hukosea. Upande wa mwisho wa waya nyeusi haubanwi kwenye betri iliyokufa. Ubanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa betri, mahali pasipo na rangi wala mafuta, mbali na betri. Kwa nini? Kwa sababu kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche. Cheche hiyo tunaitaka iwe mbali na gesi iliyo juu ya betri.

Hatua ya sita. Hakikisheni waya haziko karibu na feni. Washeni gari la msaada, liungurume kwa dakika 3 hadi 5.

Hatua ya saba. Jaribuni kuwasha gari lililokwama. Msishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Likikataa, ngojeni dakika moja au mbili, mjaribu tena.

Hatua ya nane. Likiwaka, toeni waya kwa kurudi nyuma: kwanza nyeusi iliyo kwenye chuma cha injini, kisha nyeusi kwenye betri nzima, kisha nyekundu kwenye betri nzima, mwisho nyekundu kwenye betri iliyokuwa imekufa. Vibanio visigusane wakati wa kuvitoa.

Sasa mama aletwe, aketi, safari ianze. Dereva asizime injini njiani, kwa maana betri bado haijapata nguvu. Mkifika hospitalini, mshusheni mgonjwa kwanza. Gari lisiachwe likiunguruma mbele ya dirisha au mlango wa wodi, kwani moshi huingia ndani. Lisogezwe mahali pa wazi. Likizimwa huenda lisiwake tena, basi mpange mapema mtarudi kwa njia gani.

Na kama gari limekataa mara tatu au nne? Acheni. Wekeni mpaka wa robo saa. Baada ya hapo shida huenda si betri, na mnampotezea mgonjwa muda.

KUSUKUMA GARI

Wengi wetu tumezoea kusukuma. Gari la gia za mkono linaweza kuwaka kwa kusukumwa, lakini gari la gia za otomatiki kwa kawaida haliwaki hivyo, hata msukume mpaka Silibwet.

Mkisukuma, wasukume watu wazima wenye viatu visivyoteleza. Milima yetu ina matope wakati wa mvua, na mtu akiteleza anaweza kukanyagwa. Watoto wasisukume, wala wasikimbie nyuma ya gari kwa furaha. Mama mjamzito na mama aliyejifungua karibuni wasisukume hata kidogo. Kwenye mteremko, gari ambalo injini haijawaka huwa na breki dhaifu na usukani mzito. Msilisukume kuelekea nyumba, watu au bonde.

MOSHI WA GARI

Baba watoto akilaza gari bandani, asiliwashe na kuliacha liungurume mlango ukiwa umefungwa, hata kama kuna baridi kali. Moshi wa gari una gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haionekani wala hainuki. Ni sumu ileile itokayo kwenye jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulala, na huenda asiamke. Gari likiwaka, litolewe nje mara moja. Kama banda limeshikana na nyumba mnayolala watoto, jihadharini maradufu.

ASIDI IKIMPATA MTU

Sasa tunafika kwenye zile ndoo mbili za maji. Asidi ya betri huunguza. Jichoni inaweza kuharibu kioo cha jicho kwa dakika chache tu na kuleta upofu. Kinachookoa jicho ni maji, na yawe ya papo hapo. Usisubiri kufika hospitali.

Ikiingia jichoni: mlaze au mwinamishe aliyeumia, jicho lililopatwa likiwa upande wa chini, ili maji yenye asidi yasiingie jicho la pili. Mfungue kope kwa vidole. Mimina maji safi polepole na mfululizo, kwa muda usiopungua dakika 20. Tazama saa, kwa sababu dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtoto atalia na kukataa. Mfunge mtoto kwenye shuka ili mikono isizuie, na uendelee. Asijisugue. Baada ya hapo mpeleke hospitali hata kama anasema haumwi tena. Mkiweza, endeleeni kumwagia maji njiani.

Ikimwagika kwenye ngozi: vua nguo zilizoloa haraka, kisha mwagia maji mengi kwa dakika 20. Funika kidonda kwa kitambaa safi bila kukaza, uende hospitali.

Asidi ikimezwa: usimtapishe mtoto. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe maziwa, mafuta, majivu wala dawa za kienyeji. Kama ana fahamu, asukutue kinywa kwa maji na kutema. Mkimbize hospitali, na uibebe chupa aliyonywea ili daktari aione.

Najua, mama, kwamba kogo alitufundisha mengi mazuri. Lakini kwa asidi usitie jichoni maziwa ya mama, asali, sukari wala siagi. Usipake dawa ya meno, unga wala ute wa yai kwenye ngozi iliyoungua. Vitu hivi huchelewesha maji, huleta vijidudu, na humpa daktari kazi ya kuvitoa kabla ya kutibu. Maji safi tu, na mengi.

Hospitali ya Olenguruone ndiyo ya kukimbilia kwanza. Wao watakuambia kama inafaa uende Molo, Nakuru au Tenwek huko Bomet kwa matibabu ya macho.

HAYO SI MAJI

Hebu tulitazame jina lenyewe. Tunaita "maji ya betri". Ukienda dukani ukisema hivyo, unaweza kuuziwa maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, au unaweza kuuziwa asidi yenyewe. Vyote viwili havina rangi. Vikiwekwa kwenye chupa ya soda na kuachwa dirishani, mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kucheza na ana kiu ataona maji au soda. Jina lenyewe limemwambia ni maji.

Basi nyumbani mwako fanya sheria: asidi haiwekwi kamwe kwenye chupa ya kinywaji, kikombe wala sufuria. Ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungiwe juu mahali ambapo mtoto hafikii hata akipanda kiti. Mfundishe mtoto kuiita asidi, wala si maji.

BETRI NDANI YA NYUMBA

Zamani familia nyingi zilibeba betri hadi sentani kuchajiwa ili zipate kutazama televisheni. Leo wengine wana betri za sola. Hatari ni ileile. Betri yenye asidi isiwekwe chini ya kitanda wala karibu na jiko. Iwekwe wima, ndani ya sanduku lililo wazi juu kidogo, mahali penye hewa na pasipo watoto. Vichwa vyake vifunikwe. Isichajiwe katika chumba wanacholala watu.

Betri ya gari huwa na uzito wa kati ya kilo 10 na 20. Mama mjamzito asiibebe. Ikisafirishwa kwa bodaboda, isipakatwe wala kubebwa mgongoni. Asidi hupita kwenye nguo bila kuhisiwa mara moja, na ngozi huungua.

BETRI KUUKUU NA MADINI YA RISASI

Betri ikishakufa kabisa, bado ina sumu. Vile vibao vya risasi ndani yake ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huipata kwa kushika udongo au kifaa chenye vumbi lake kisha kutia vidole kinywani. Mjamzito akiwa nayo, humfikia mtoto tumboni. Mtoto aliyeathirika anaweza kuumwa na tumbo mara kwa mara, kufunga choo, kupungukiwa na damu, na kuchelewa kujifunza. Wazazi hudhani ni minyoo tu.

Nchini kwetu tumeyaona haya. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ubavuni mwa nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mdogo alikuwa na risasi kwenye damu. Hakunyamaza. Aliungana na wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaenda rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Hayo yote yalianza na mama aliyeuliza kwa nini mtoto wangu haponi.

Kwa hiyo msivunje betri uani kutafuta risasi ya kuuza. Msiyeyushe risasi kwenye sufuria wala jikoni. Msimwage asidi shambani, chooni wala mtoni, kwa kuwa maji hayo ndiyo ng'ombe na watoto wanayokunywa. Betri kuukuu ipelekwe nzima dukani unaponunua mpya. Maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei. Na mwenye kushughulikia betri anawe mikono kwa sabuni na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Andika namba za magari mawili kabla ya mwezi wa kujifungua.
2. Gari likikataa, ita la pili papo hapo.
3. Watoto ndani, mgonjwa ndani, moto mbali, maji karibu.
4. Kibanio cha mwisho ni cheusi, kwenye chuma cha injini mbali na betri.
5. Asidi jichoni: maji safi dakika 20, kisha hospitali.
6. Asidi ikimezwa: usimtapishe mtoto.
7. Asidi haikai kwenye chupa ya soda.

MASWALI YA KUJADILIANA KWENYE KIKUNDI

Mkikutana kwenye chama chenu au na mhudumu wa afya wa kijiji, ulizaneni: Kijijini kwetu nani ana waya za jampa, na je, chama chetu kinaweza kununua seti moja ikawekwa mahali panapojulikana? Ni mama gani kati yetu atajifungua miezi mitatu ijayo, na gari lake ni lipi? Nyumbani kwangu kuna betri au chupa ya asidi iliyo mahali pabaya?

Swali hilo la mwisho usilingoje kikundi. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, inuka ukatazame chini ya kitanda, nyuma ya nyumba na kwenye rafu ya bandani.